Saa ya Mama Ilipozimika Bondeni

Mama alikubali kuvaa saa kama mtu anayekubali posa kwa masharti. Alinyoosha mkono wa kushoto, akageuza uso upande wa jikoni, akasema, "Funga. Lakini nikishavaa, nisisikie tena habari za Masoko."

Habari za Masoko zilikuwa zangu na za dada. Mimi nina duka dogo la simu Kilwa Masoko, na nyumba yenye chumba kimoja kisicho na mtu. Dada yangu mkubwa ameolewa Lindi mjini. Mama anaishi peke yake kwetu Umatumbi, kwenye vilima, ukishapita Kipatimu, na mwaka jana kizunguzungu kilimwangusha katikati ya shamba lake la mpunga. Alilala pale tangu jua likiwa kali mpaka likapoa, hadi mwanamke mmoja aliyekuwa akitafuta mbuzi wake alipomkuta. Zahanati wakasema ni presha. Tangu hapo mimi na dada tukawa na neno moja tu: Mama ahamie Masoko.

Mama naye alikuwa na lake. Kwetu, mpunga ukishatoa masuke, watu hufunga nyumba kijijini wakahamia bondeni kuulinda. Hujengwa dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na mwenye shamba hukaa humo mpaka siku ya kuvuna, akifukuza ndege na ngedere mchana, na nguruwe pori kukiwa giza. Shamba lisilolindwa halivunwi. Na kwa Mama, mtu asiye na shamba la kuvuna ni mgeni, hata akiwa nyumbani kwa mwanawe wa kumzaa.

"Mnataka nije kwako nikae kwenye kiti cha plastiki niangalie bodaboda zinapita," aliniambia. "Halafu mkeo akipika, niulize, je, nile?"

Kwa hiyo tulipatana. Mama angeshuka bondeni kulinda mpunga wake akiwa amevaa saa. Tukiwa tunampata, angelinda mpaka avune. Siku tukimkosa, angefunga mizigo yake aje Masoko, na shamba apewe mtu mwingine. Dada ndiye aliyetoa sharti hilo la mwisho, kwa simu, na Mama akalikubali huku akimenya muhogo, kwa sauti ndogo ambayo sikuipenda.

Nieleze saa yenyewe, maana hata wateja wangu huchanganya, na si aibu kuchanganya. Saa nyingi za kisasa hutegemea simu iliyo karibu. Ukiacha simu nyumbani, saa inabaki kuwa pambo. Hii ya Mama ilikuwa na laini yake yenyewe, unaichomeka ubavuni kama unavyochomeka kwenye simu. Inapiga, inapigiwa, na ukiiuliza kutoka mbali inakujibu iko wapi, nukta ya kijani kwenye ramani. Niliichagua kwa sababu Mama na simu hawakai pamoja. Simu yake ya kwanza ilizama kwenye jaruba, ya pili aliitundika kwenye dungu ngedere wakaondoka nayo. Kitu kilichofungwa mkononi, nilifikiri, hakisahauliki wala hakiibiwi na ngedere.

Nilimfundisha uani. Kitufe cha pembeni, ukibonyeza kwa muda, kinanipigia mimi. Alibonyeza, simu yangu ikalia mfukoni, nikapokea nikiwa nimesimama mbele yake.

"Haloo," akasema Mama kwa sauti ya ofisini. "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Mama. Niko hapa."

"Mbona unanijibu mbele na mkononi? Kaa upande mmoja."

Tulicheka. Alishika haraka kuliko wengi wanaokuja dukani kwangu, na nilimwambia hivyo, na haikuwa sifa ya bure. Sehemu iliyobaki ilikuwa chaji.

Hapo ndipo swali ambalo watu huniuliza kila mara lilipo: je, saa ya laini inafaa, wakati chaji yake haikai? Siku zile nilikuwa na jibu jepesi. Nilikuwa nimeivaa mwenyewe Masoko kwa majaribio, tangu asubuhi hadi wakati wa kulala, na ilibaki na chaji ya kutosha. Kwa hiyo nilimwambia Mama na dada, na niliwaambia wateja, kwamba inakaa siku nzima. Sikuijaribu bondeni. Betri ya saa ile haizidi ukubwa wa korosho iliyobanguliwa. Mjini, mnara uko karibu, saa inaongea nao kwa kunong'ona. Bondeni, katikati ya vilima, mnara hauonekani, basi saa inapiga kelele ili isikike, na isipojibiwa inapiga kelele tena. Kinachomaliza chaji ni kelele hizo. Kuonyesha saa na dakika hakuli kitu. Hayo niliyajua. Ndiyo kazi yangu kuyajua. Lakini unapokuwa umeshanunua kitu na umeshapata makubaliano, kuna mambo unayoyajua ambayo huyasemi.

Umeme wenyewe bondeni ni paneli ndogo ya sola niliyoifunga juu ya paa la dungu. Jua liko mchana, na mchana ndio wakati ambao Mama anatembea shambani na anahitaji saa iwe mkononi. Mama mwenyewe ndiye aliyepata njia. Jua likiwa utosini, akipumzika kula, angeivua na kuiweka kwenye chaji, kisha akiamka kuendelea na kazi angeivaa. "Na yenyewe ile mchana, kama mimi," alisema.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililoniharibu. Nilikuwa nikifungua duka, naigusa simu, nukta ya kijani iko bondeni. Nikiuza chaja, naigusa tena. Nukta imesogea hadi ukingo wa shamba, ngedere wamekuja. Nikiongea na mteja, naigusa. Nilianza kuwaonyesha watu.

"Unaona? Huyo mama yangu. Yuko Umatumbi, shambani kwake, na mimi niko hapa."

"Mtume!" angesema mteja. "Hiyo nukta ndiyo yeye?"

"Ndiye."

Mama mmoja muuza samaki, ambaye huja kuchaji simu yake kwangu, aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Na akienda kujisaidia je, wewe na wateja wako mnamwangalia tu?" Watu wote dukani walicheka. Nami nilicheka, nikaiweka simu mfukoni, na walipoondoka nikaitoa tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Baada ya adhuhuri niliona nukta imetoka shambani, ikashuka kwenye kijito, ikakaa. Nikauza vocha. Nikatazama, bado iko kijitoni. Nikaigusa tena ili iulize upya, bado. Nikawa naigusa bila kupumzika, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyofungwa. Halafu maandishi yakatokea kwamba saa haipatikani. Nikapiga namba ya Mama. Sauti ile ya mwanamke tunayoijua sote ikaniambia simu ninayopiga haipatikani kwa sasa.

Kijito kile nakifahamu. Kina pembe moja yenye maji ya kina, chini ya mawe, tuliyokuwa tukikatazwa utotoni. Nilimwona Mama kizunguzungu kimemshika, ameinama kuchota, ameteleza. Saa imeingia maji pamoja naye. Nilimwona waziwazi hivyo, kwa sababu kitu cha kuona halisi sikuwa nacho tena.

Nilimpigia dada. "Nilisema!" akalia. "Nilisema mimi! Mpigie mjomba, unangoja nini?"

Mjomba ni mdogo wake Mama. Anaishi kijijini juu, mgongoni mwa kilima, ambako mtandao unashika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Habari za Masoko?"

"Mjomba, Mama ameanguka kijitoni."

"Nani kakuambia?"

"Saa."

Nilisikia jogoo nyuma yake.

"Saa imesema ameanguka?"

Sasa, saa haikusema hivyo. Saa ilikuwa imesema haipo, basi. Mtu anayeuza vitu hivi, anayewaeleza watu kila siku tofauti ya kuzimika na kuharibika, alipaswa kusema: hapana mjomba, imezimika tu, naomba mtume mtu mmoja akamwangalie taratibu. Maneno hayo yangetosha.

"Ndiyo," nikasema. "Imesema."

Mjomba akapiga yowe.

Kwetu yowe likipigwa, hakuna anayeuliza. Mwenye jembe analitupa, aliye sokoni anaacha biashara, mnaulizana mkiwa njiani mnakimbia. Ndiyo maana yowe halipigwi ovyo, na ndiyo maana aliyelipiga au aliyesababisha lipigwe bila jambo huwalisha wote walioitikia, ili siku nyingine waitikie tena. Yowe la mjomba lilipokewa kutoka dungu hadi dungu mpaka bonde lote likajua kwamba dada yake amezama.

Yaliyofuata nimesimuliwa na watu wengi kuliko ninavyotaka.

Wanaume waliteremka na kamba, na mapanga ya kufyekea njia, na kitanda cha kamba kilichofungiwa miti miwili, kwa sababu mgonjwa huku hubebwa kwa kitanda. Bibi mmoja jirani alikuwa ameshaanza kilio cha msiba, kile cha mikono kichwani, na wanawake wengine wakampokea. Walikimbia moja kwa moja hadi pale kijitoni nilipokuwa nimeelekeza. Na pale, kila mtu wa bonde lile anajua, ndipo wanapooga wanawake. Mwanamume hapakaribii bila kukohoa kwanza tangu mbali, na akijibiwa kwa kikohozi anazunguka kwa juu. Siku ile hakuna aliyekohoa. Mtu hakohoi akienda kuopoa maiti.

Mama alikuwa anaoga. Khanga zake zilikuwa juu ya kichaka, saa iko juu ya khanga ili isilowe, imezimika. Alisikia vishindo, akaona miguu inateremka kilimani, mingi, na mapanga, na akadhani wanafukuza nguruwe. Akaingia majini hadi shingoni.

"Mnamfukuza nani?" akapaza sauti.

"Tunakufuata wewe!" wakamjibu.

Walipofahamu walichokuwa wanakitazama, wote waligeuka wakampa visogo. Wanaume wa kijiji kizima wamesimama ukingoni wakihema, wanatazama miti, na kitanda katikati yao. Mjomba ndiye aliyelazimika kurudi kinyumenyume, bila kugeuza shingo, akizipapasa zile khanga kwenye kichaka ili amrushie dada yake.

Alinipigia alipofika juu kwenye mtandao. Alikuwa bado anahema.

"Mama yako mzima."

"Alhamdulillahi!"

"Usishukuru bado," akasema mjomba, akanieleza.

Sikumbuki nilifungaje duka. Nakumbuka dada alipiga, nikamwambia Mama ni mzima, akalia kwa furaha, kisha akasema, "Atakuwa hakuchaji. Kasahau. Uzee ndio huo, mdogo wangu. Sasa sharti ni sharti. Kesho kutwa nakuja na gari, tumchukue." Nami nilinyamaza. Nilijiambia kwamba sijui kilichoizima saa, na asiyejua hapaswi kubishana. Lakini kunyamaza kwangu kulikuwa na raha fulani ndani yake, kama mtu aliyepewa kivuli. Ikiwa Mama alisahau, basi hakuna mwingine aliyekosea.

Nilipanda gari la asubuhi hadi Kipatimu, na kutoka hapo bodaboda hadi kijijini. Mama alikuwa amepandishwa kutoka bondeni, yuko kibarazani anachagua mchele. Nilisimama mbele yake.

"Shikamoo Mama."

Aliendelea kuchagua mchele. Tangu nimezaliwa sijawahi kumsalimia mama yangu nisipate marahaba yake. Hata alipokuwa chini ya dripu, zahanati, aliijibu kwa midomo. Niliirudia, kwa sauti ya chini zaidi. Akatoa kokoto, akaitupa.

"Hata marehemu baba yako," akasema hatimaye, bila kunitazama, "hakuwahi kuniona hivyo mchana."

Sikuwa na pa kuweka mikono yangu.

"Mama, nilidhani..."

"Nani kakutuma udhani?" Alitikisa ungo. "Mimi niliichaji ile saa. Nililala kidogo, ikajaa, ikawa kijani, nikaivaa. Sasa wote wananiambia bibi kasahau. Mdogo wangu mwenyewe, dada yako kwenye simu. Kasahau, kasahau. Sikusahau."

"Najua, Mama."

"Hujui," akasema. "Iko ndani. Iangalie."

Niliichukua, nikaichomeka kwenye betri ya akiba niliyokuja nayo, ikawaka. Kwenye saa hizi, kama kwenye simu, pana ukurasa unaoonyesha kilichokula chaji. Nimewafundisha watu wengi kuufungua. Ni jambo rahisi, na namshauri kila mwenye kifaa kinachozimika mapema aanzie hapo kabla hajamlaumu fundi au mtoto wake. Niliufungua nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha Mama, mlango umerudishwa.

Mama hakupiga simu hata moja siku ile. Mwanga wa kioo haukula kitu cha maana. Karibu chaji yote ilikuwa imekwenda kwenye kuulizwa mahali ilipo. Kila nilipoigusa simu yangu pale dukani, huku mbali saa iliamka, ikatafuta setilaiti, ikatafuta mnara, ikapiga kelele mpaka isikike, ikanijibu, ndipo ikalala, na kabla haijalala sawasawa nikaigusa tena. Mama aliijaza saa yake vizuri. Mimi nikaimaliza kwa kuitazama. Na nilipoona nukta imekaa kijitoni, nikaingiwa na hofu, nikaongeza kuigusa, na huko kuigusa ndiko kulikoizima.

Nje nilimsikia Mama akipepeta. Kama ningetoka wakati ule nikamwambia, ingekuwa rahisi. Sikutoka. Niliweka saa mfukoni, nikaenda kumtafuta mjomba tuzungumze habari ya mbuzi wa kuwalisha walioitikia yowe.

Siku ya kuwalisha watu, dada alikuwa amefika kutoka Lindi na gari la kukodi, dereva wake amekaa kivulini. Alikuwa ameshakunja magodoro na kufunga vyombo vya Mama kwenye shuka. Mama hakumzuia. Alikaa jikoni na wanawake waliokuwa wakipika, amejitanda khanga mpaka kwenye paji la uso, jambo ambalo si kawaida yake kwa watu wanaomfahamu tangu usichana. Wanaume walipita wakimsalimia kwa mbali, macho chini. Kila aliyeinamisha macho alikuwa anamkumbusha.

Aliyevunja ukimya alikuwa bibi mmoja wa ukoo wa watani wetu. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani, na bibi huyu hajawahi kuacha ruhusa yake ilale bure. Aliingia uani na kamba ya mgomba amefunga mkononi, juu yake kipande cha kifuu.

"Haloo! Haloo Masoko!" akakipigia kelele kile kifuu. "Naingia chooni! Msije na kitanda!"

Watu walikufa kwa kicheko. Hata dereva wa dada.

"Haloo! Nimetoka! Mwambieni mjomba ageuke!"

"Bibi, punguza," akasema mjomba, akijifuta machozi ya kucheka.

"Nipunguze? Sisi tumekimbia na mapanga mpaka sandali zangu zimebaki matopeni, kisa bibi kasahau kuchaji! Haya, huyu mtaalamu wa simu yuko wapi? Mwambie mama yako atie moto kwenye saa!"

Nilimwona Mama mlangoni mwa jikoni. Khanga ilikuwa imeshuka kidogo, na alikuwa anacheka kama wengine, mpaka hilo neno la kusahau. Hapo kicheko kilimwisha. Akatazama chini, akarudi ndani kwenye moshi.

Nilisimama. Sikujipanga. Nilisema kwamba Mama hakusahau, aliichaji mpaka ikajaa. Kisha, kwa kuwa sijui kusema jambo bila kulieleza, nikaeleza: betri ndogo, mnara ulio mbali, saa inavyoamshwa kila inapoulizwa. Watu walisikiliza vizuri, kama wanavyosikiliza dukani, na mzee mmoja aliyekuwa amebeba mguu mmoja wa kitanda siku ile akanyoosha mkono.

"Ngoja nielewe. Kwa hiyo iliishiwa nguvu kwa sababu wewe ulikuwa unaitazama?"

"Ndiyo, mzee."

"Kila ukiitazama, inapungua?"

"Kila nikiitazama."

"Na uliitazama mara ngapi?"

"Nyingi, mzee. Sikuwa naacha."

Akafikiri. "Sasa duka ulikuwa unauza saa ngapi?"

Walicheka tena, lakini si kwa nguvu. Nikasema lililobaki, kwamba mjomba aliniuliza kama saa imesema Mama ameanguka, nami nikajibu ndiyo, na haikuwa kweli. Hapo hakuna aliyecheka. Mjomba aliacha kujifuta macho, akanitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amepiga yowe kwa neno langu. Ni sauti yake iliyowatoa watu mashambani.

"Mle," akasema mwishowe, akiwageukia wageni. "Nyama inapoa." Hakuongea nami tena siku ile, na sikumlaumu.

Dada alinivuta nyuma ya nyumba. "Ulikuwa unajua tangu nilipopiga?"

"Tangu jana. Hapo ulipopiga sikujua, ila nilinyamaza."

"Basi si yeye aliyekosea." Aliutazama ule mzigo wa shuka. "Lakini hata hivyo, presha anayo. Ikimwangusha tena, tutajuaje?"

Mama ndiye aliyeleta jibu. Alitoka jikoni na sahani mbili za wali, akampa kila mmoja yake, kisha akafungua fundo la ile shuka hapohapo miguuni petu. Akatoa sufuria yake, mwiko, na blanketi la dunguni.

"Hamtajua," alisema. "Mimi mama yenu sikuwa najua mlipokuwa mnapanda magari kwenda kusoma, mvua inanyesha, barabara hii yetu mnaijua. Nilikuwa nalala sijui. Kuleni."

Dada alikula huku analia. Nami nilikula.

Kabla sijaondoka niliitoa laini kwenye saa. Wakiniuliza leo kama saa ya laini inafaa, nawaambia ukweli wote: ukilala karibu na soketi na mnara unauona kwa macho, inafaa, ivae bila hofu. Ukikaa bondeni, toa laini, ubaki na saa. Bila laini haipigi kelele, na chaji inakaa siku kadhaa. Mama huivaa kwa ajili ya nyakati za swala. Kuhusu kuanguka, mwanamke wa dungu la jirani hupitia kwake asubuhi na jioni, kama alivyokuwa akipitia hata kabla ya saa yangu, na dawa ya presha nampelekea mwenyewe.

Jioni ile, nikiwa nasubiri gari Kipatimu, dada alipiga. Alikuwa njiani kurudi Lindi.

"Mama yuko wapi sasa?" akauliza.

Kwa mazoea tu, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kufungua ramani. Nikaufunga ukurasa.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Nilimwacha anashuka bondeni na blanketi kichwani. Sijui amefika wapi."

Nilisikia gari lao likipunguza mwendo, kisha likiendelea.

"Haya," akasema dada.